Kimbunga cha Geita, mizinga ya Goma: mjadala ni mmoja tu

Mwenzenu nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Geita kwa likizo fupi, na mtoto wa Kalangalala akifika nyumbani hakai ndani. Jioni ya kwanza tu nikawa kijiweni, kahawa mkono mmoja, kashata mkono mwingine, nawasikiliza wazee na vijana wakibishana juu ya nchi.

Mada ilikuwa Kongo. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anang'aka: wanajeshi wetu wanatafuta nini kule? Walikwenda 2013, wakafa 2017, wakafa tena 2025 Goma ilipoangukia mikononi mwa M23. Warudishwe wapangwe mpakani, maana nchi imejaa wageni, machimboni ukisalimia kwa Kirundi wanaitikia kumi! Mwalimu mmoja akamjibu kinyume. Usipozima moto kwa jirani utakuja kuuzima kwako, jeshi libaki huko huko. Ila kuhusu wageni, akasema, hapo naungana na wewe, watimuliwe hata kesho.

Wakabishana kama nusu saa. Nilichokiona ni kwamba kuhusu jeshi walitofautiana kabisa, lakini kuhusu wageni kijiwe kizima kilikuwa kitu kimoja. Aliyekuwa kimya ni mzee mmoja tu, guku tunayemheshimu pale mtaani, aliyepigana Vita vya Kagera. Alipomaliza kahawa yake akanigeukia.

"Mjukuu wangu, wewe si mwandishi wa habari? Hebu niambie, hayo mambo mawili wanayoyagombania hawa, ni mawili kweli au ni moja?"

Sikuwa na jibu, nikacheka tu. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na sababu ya kutolala ndiyo inayonifanya niandike haya. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

ORODHA

Mwaka 2013 nilikuwa darasa la saba. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa viongozi wa mtaa wetu, mtaa ambao sitautaja, ndani ya kata ya Kalangalala. Siku moja alirudi na agizo la kuandika orodha ya wageni wote wa mtaani. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku kaparua, wangu ulikuwa unasifiwa shuleni, basi akaniita: "Mwanangu, chukua daftari, nikutajie uandike."

Nikaandika. Alikuwa anataja na mimi naandika, jina, kazi, anakotoka. Namba saba alikuwa fundi baiskeli mmoja ambaye baba yake alitoka Burundi. Fundi mwenyewe alizaliwa hapa hapa, na mtoto wake alikuwa anakaa dawati moja na mimi. Nilipofika kwenye jina lile nilisita, baba mdogo akaniambia, "Andika, ni orodha tu." Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Septemba ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Familia ile iliondoka usiku hata kabla ya kufikiwa. Mwezi huo huo tulifanya mtihani wa kumaliza darasa la saba, na dawati lenye namba ya rafiki yangu lilikaa tupu siku zote za mtihani. Daftari lake la Uraia nilikuwa nimeliazima mimi. Ninalo mpaka leo.

Silisemi hili ili mnionee huruma. Nataka mjue kwamba ninapoandika habari za "wageni" sijasimama pembeni kama mtazamaji.

MWAKA MMOJA, MAMBO MENGI

Sasa tuupange mwaka huo vizuri, maana wengi tunaukumbuka vipande vipande.

Novemba 2012 waasi wa M23 waliiteka Goma kwa siku kumi na kidogo, kisha wakatoka. Machi 28, 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2098 lililounda brigedi maalumu ndani ya MONUSCO, yenye ruhusa ya kuwashambulia waasi badala ya kuwasubiri waje. Askari wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wa kwanza wa brigedi hiyo akawa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa.

Mwezi Mei, kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, Rais Jakaya Kikwete akaishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR. Kigali ilikasirika sana, kwa sababu ndani ya FDLR wamo waliohusika na mauaji ya kimbari ya 1994. Maneno makali yakaanza kurushwa kutoka huku na huku.

Julai 13, askari 7 wa Tanzania wakauawa Darfur. Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais akiwa Kaboya mkoani Kagera, kwenye makaburi ya waliokufa katika vita vya Amin, alionya kwamba atakayeichezea nchi yetu atakiona. Siku chache baadaye, akiwa bado kwenye ziara ya mkoa huo huo, akatoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka wenyewe na kwa wenye silaha kuzisalimisha.

Mwisho wa Agosti, karibu na Goma, JWTZ ikampoteza afisa wake mwenye cheo cha meja. Septemba, Kimbunga. Mwanzoni mwa Novemba M23 wakashindwa na kutangaza kuacha vita, na hapa Geita watu walishangilia kama tumechukua kombe.

Umeona? Ni miezi michache tu. Kwenye vitabu mambo haya yatakuja kuandikwa katika sura mbili, moja ya "sera ya mambo ya nje" na nyingine ya "uhamiaji". Mtaani kwetu ilikuwa sura moja. Kila redio ilipotangaza habari ya Goma, macho ya watu yaligeuka kuangalia nani hapa anatoka upande ule.

Niwe mkweli, serikali haikuamka tu asubuhi ikaamua kufukuza watu. Ujambazi wa silaha ulikuwepo. Mabasi kwenye barabara za Biharamulo, Ngara na Karagwe yalikuwa yanasafiri kwa msafara wa polisi, na aliyepita njia zile hahitaji kusimuliwa. Mifugo ilikuwa imejaa kwenye hifadhi. Na kila nchi ina haki ya kujua nani ameingia na kwa ruhusa gani. Nani atabisha hapo?

Swali langu ni lingine: tulijuaje nani ni mgeni?

NANI MGENI GEITA?

Geita ilikuwa nchi ya Wazinza. Sisi Wasukuma tuliojaa leo, wengi tulivuka kuja huku kuanzia miaka ya 1940 na 1950, Waingereza walipokuwa wanafungua maeneo mapya kupunguza msongamano wa watu na ng'ombe upande wa Mwanza na Kwimba. Babu yangu mzaa baba alikuja hivyo, na jembe na mke. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofungwa 1966, nao ulileta watu kutoka kila upande. Tangu 2000 mgodi mkubwa wa sasa umeleta wengine, na machimbo madogo ya Nyarugusu na Rwamagasa hayajawahi kumuuliza mtu kabila, yanamuuliza kama ana nguvu za kushuka shimoni.

Na mpaka wenyewe je? Mpaka Vita Kuu ya Kwanza, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja na sisi chini ya Mjerumani. Baada ya vita Mwingereza na Mbelgiji wakagawana, na hata walipokwisha kugawana, eneo la Gisaka upande wa mashariki ya Rwanda lilikaa miaka michache mikononi mwa Mwingereza kabla ya kurudishwa kwa Mbelgiji. Watu wa kule walikuwa chini ya bendera mbili bila kuhamisha hata chungu cha maharage.

Ndiyo maana kumpima mtu kwa ulimi wake hakufai kitu huku kwetu. Kihangaza cha Ngara kinakaribiana sana na Kirundi. Kiha cha Kigoma pia. Ukitumia lafudhi kama kipimo utawakamata raia halali na kuwaacha wageni waliojifunza Kiswahili cha Dar es Salaam vizuri.

Vitambulisho? Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliundwa 2008 na uzinduzi wa vitambulisho ukafanyika 2013, mwaka ule ule wa Kimbunga. Yaani watu walidaiwa uthibitisho ambao nchi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuugawa. Baba yangu mwenyewe hakuwa na karatasi yoyote inayosema ni Mtanzania zaidi ya kadi ya kupigia kura. Yeye hakuulizwa, kwa sababu anaitwa jina la Kisukuma na mdogo wake ndiye aliyekuwa anaandikisha.

Maelfu waliondoka. Rwanda ilifungua kambi ya Kiyanzi wilayani Kirehe kuwapokea, na wamo waliosimulia kuwa wameishi Tanzania miongo mingi, wameoa au kuolewa huku, wameacha ng'ombe na watoto.

MKIA WA VITA VYA KAGERA

Turudi nyuma sasa, kwa guku. Yeye alivuka Mutukula, akapita Masaka, akaingia Kampala.

Novemba 1978 Idi Amin alitangaza kuwa kipande cha Kagera ni cha Uganda. Mwalimu Nyerere akajibu kwa hotuba ambayo kila Mtanzania anaijua: uwezo, sababu na nia. Jeshi na mgambo wakamtoa Amin Kagera, kisha wakaendelea, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Kwenye mkutano wa OAU huko Monrovia mwezi Julai, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakatushutumu kwa kuingilia nchi nyingine. Huo ndio ulikuwa mjadala wa kuingilia kijeshi, na Mwalimu aliubeba kifua mbele.

Mimi nasema Mwalimu alikuwa sahihi kumpiga Amin. Lakini vita vina mkia, na mkia huo ndio tunausahau.

Kwanza, vita ile ilianza na wakimbizi. Obote alipopinduliwa 1971 tulimpokea Dar es Salaam, na Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni kwetu walivuka mpaka na silaha kwenda kumng'oa Amin, wakashindwa. Wageni wale hatukuwaita haramu. Tuliwaita wapigania haki, kwa sababu tulikuwa tunawahitaji.

Pili, angalia kilichofuata. Desemba 1980, askari wetu wakiwa bado Uganda, Obote alirudi madarakani kupitia uchaguzi uliolalamikiwa sana. Oktoba 1982, chini ya serikali yake, Wanyarwanda waliokuwa wanaishi Ankole, wakimbizi na raia wakiwa wamechanganyika, walifukuzwa kutoka kwenye nyumba na mashamba yao. Wengi walikimbilia mpaka wa Rwanda, wengine wakavukia kwetu Kagera. Rwanda nayo ilikuwa inasema nchi imejaa, haina nafasi. Vijana waliokataliwa pande zote mbili walifanya nini? Wengi waliingia msituni kwa Museveni. Oktoba 1, 1990 wao na wenzao wakaingia Rwanda wakiwa jeshi la RPF.

Sisemi kufukuzwa kule ndiyo sababu pekee. Historia haina sababu moja. Lakini kijana aliyekwisha kuambiwa huku si kwenu na kule si kwenu, bunduki inamwambia kitu ambacho hakuna ofisi ya uhamiaji iliyowahi kumwambia.

Malizia mwenyewe. Vita ya 1990 ikaendelea, mauaji ya kimbari ya 1994 yakatokea, na mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu karibu 250,000 wakavuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Makambi yakajaa, na ndani yake walikuwemo wauaji na silaha zao. Mwaka 1995 tukafunga mpaka na Burundi. Desemba 1996 karibu nusu milioni ya Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Silaha nyingine zikabaki porini, ujambazi ukaota mizizi kwenye barabara za Kagera, na mwaka 2013 serikali ikasema inatosha, ikaleta Kimbunga.

Kwa hiyo fundi baiskeli wa Kalangalala alikimbia kwa sababu ya ujambazi, uliotokana na makambi, yaliyotokana na vita, iliyotokana kwa sehemu na watu kufukuzwa Ankole na serikali ambayo askari wetu waliisafishia njia. Yeye mwenyewe hakuhusika na hata moja kati ya hayo.

NA GOMA JE?

Upande wa Kongo ndiyo wazi zaidi.

Wanyarwanda wa Kivu, wengine wako pale tangu kabla ya ukoloni, wengine waliletwa na Mbelgiji kufanya kazi, wengine walikuja wakimbizi mwaka 1959 na kuendelea. Mwaka 1972 Zaire ya Mobutu ilitoa sheria iliyowapa uraia waliokuwa wanaishi Kivu kabla ya 1950. Mwaka 1981 ikatoa sheria nyingine iliyoufuta, ikitaka mtu athibitishe kuwa wazee wake walikuwa wa kabila lililokuwepo ndani ya mipaka ya nchi mwaka 1885. Hebu fikiria! Mtu amelala raia, ameamka akidaiwa ushahidi wa karne nzima iliyopita, mahali ambapo hata kuandika kulikuja na mkoloni.

Aprili 1995 bunge la mpito la Zaire likapitisha azimio la kuwarudisha "wageni" hao. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini akawapa Banyamulenge wiki moja kuondoka nchini. Wiki moja! Sisi 2013 tulitoa mbili. Banyamulenge hawakuondoka. Walichukua silaha, Rwanda na Uganda zikawaunga mkono kwa sababu zao wenyewe, na Mei 1997 Mobutu akawa amekwisha.

Tangu hapo mashariki ya Kongo haijapumua. Vikundi vimebadilisha majina mpaka tukafika M23, jina lililotokana na makubaliano ya Machi 23, 2009. Ndiyo, kuna madini. Ndiyo, kuna mkono wa Kigali, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimelisema hilo mara nyingi. Lakini kila kikundi kinachojitokeza kinashika bango lile lile: sisi ni Wakongo na mnatunyima nchi yetu. Na kila anayeona faida katika vita hiyo anajua bango lipo tayari, ni la kulishika tu.

Sasa hesabu. Desemba 7, 2017, kwenye kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, waasi wa ADF waliwaua walinda amani wetu 15 kwa usiku mmoja. Hao ADF ni kundi lililotokea Uganda, lenye historia yake tofauti, lakini wamekaa katika nchi ile ile iliyovunjika. Mwishoni mwa 2023 tukarudi chini ya bendera ya SADC. Januari 2025 Goma ikaanguka tena, JWTZ ikapoteza tena askari, na Machi 2025 SADC ikaamua kukifunga kikosi chake. Ile shangwe ya Novemba 2013 tuliipigia makofi bure.

Sheria mbaya ya uraia ya jirani, iliyopitishwa 1981, ni moja ya vitu vilivyowaua vijana wetu miaka zaidi ya thelathini baadaye. Ndiyo maana nasema mjadala wa wageni na mjadala wa jeshi ni mjadala mmoja. Ukimnyima mtu kwao leo, kuna askari wa nchi fulani atakayetumwa kesho kuja kutuliza fujo. Anaweza kuwa askari wa jirani yako. Na fujo inaweza kuwa kwako.

TULIWAHI KUFANYA TOFAUTI

Mtaniambia, haya, wewe unataka mpaka ubaki wazi? Hapana. Nataka tukumbuke kwamba sisi wenyewe tuliwahi kuwa na njia nyingine.

Mwaka 1980, vita imekwisha mwaka mmoja tu uliopita, hazina tupu, sabuni na sukari ni kwa foleni, serikali ya Mwalimu iliwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Ingekuwa rahisi kabisa kusema wakati ule kwamba wageni ndio wanatumalizia unga. Haikusema.

Na serikali ile ile iliyoleta Kimbunga ilikuwa imekubali kuwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 waliokimbia mauaji ya 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Maombi yalishughulikiwa, uamuzi ukatoka 2010, kisha ukakwama, na hati zikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Kimbunga kilipovuma, watu hao walikuwa wameukana uraia wa Burundi na hati ya Tanzania hawajashika. Mkono mmoja wa nchi ulikuwa unaandika vyeti, mwingine unaandika orodha.

Nisiwadanganye kuwa ukarimu hauna gharama. Chama cha PALIPEHUTU kilizaliwa Mishamo, ndani ya makazi ya wakimbizi, mwaka 1980. Lakini kumbuka kilizaliwa watu wale wakiwa bado ni wakimbizi, wanaishi kwa kibali, siasa pekee waliyokuwa nayo ikiwa ya kurudi walikotoka. Nani alitegemea wafikirie kingine?

TUFANYE NINI?

Mimi ni mwandishi tu, si mwanasheria, lakini kusoma ninajua. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kinasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia wa kigeni na wa maadui waliozaliwa sehemu iliyokaliwa na adui. Kwa vitendo ofisini utaulizwa: mzazi yupi ni raia? Kuna sheria tuliyoiandika na kuna sheria tunayoitumia. Yule fundi, aliyezaliwa Geita, angepelekwa mbele ya hakimu na kifungu hicho kikasomwa, angekuwa na hoja nzito. Hakupelekwa mbele ya mtu yeyote. Alikuwa namba saba kwenye daftari langu.

Basi la kwanza, Bunge liseme wazi sheria ina maana gani, na swali la nani raia liamuliwe na mtu anayetoa sababu kwa maandishi, zinazoweza kukatiwa rufaa. Operesheni haina rufaa. Tuliona Oktoba 2013 jinsi Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili ilivyoishia: malalamiko ya mateso na vifo, kamati ya Bunge, na mawaziri wanne kuondoka kwa siku moja mwezi Desemba. Kimbunga hakikupata kamati ya namna hiyo. Labda kwa sababu wengi wa walioumia hawakuwa na mbunge.

La pili, tusifanye msako wa wageni wakati tuna ugomvi na nchi wanakotoka. Hata kama nia ni safi, mtaani hauitwi msako wa uhamiaji, unaitwa kulipiza.

La tatu, jeshi. Ibara ya 44 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kutangaza vita, na ndani ya siku 14 Spika lazima aitishe Bunge litafakari. Ibara hiyo inazungumzia kutangaza vita, haigusi kupeleka kikosi nje chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa au SADC. Lakini risasi haisomi bendera. Kabla vijana hawajaondoka, Bunge liulize mambo ya kawaida tu: wanakwenda kumlinda nani, kwa muda gani, na nchi wanayokwenda kuiokoa imefanya nini kuhusu watu wake wanaoambiwa si wa kwake?

NILIVYOMJIBU GUKU

Siku ya mwisho kabla ya kupanda basi nilikwenda kumuaga. Shikamoo guku. Marahaba. Nikamwambia, lile swali lako, nadhani ni jambo moja.

Akatikisa kichwa taratibu. Akaniambia walipoingia Masaka mwaka 1979 walikuta mji umevunjika, na bibi mmoja akawauliza kwa Kiswahili kibovu, ninyi mnatoka wapi? Wakamjibu, Tanzania. Akawauliza tena, na mtaondoka lini? "Nilikuwa kijana, nilijiona mkombozi," guku akasema. "Yule bibi alikuwa ananiona mgeni mwenye bunduki."

Halafu akaniuliza kama nilimjua yule fundi baiskeli aliyekuwa karibu na mashine ya kusaga, maana tangu aondoke hajapata mtu wa kumtengenezea baiskeli vizuri. Nikamwambia nilimjua. Nikamwambia na habari ya orodha, mara ya kwanza kumwambia mtu mzima yeyote. Hakunilaumu, wala hakunifariji. Alisema tu, "Basi iandike na hiyo."

Nimeiandika. Rafiki yangu nimemtafuta Facebook kwa miaka, lakini majina kama lake ni mengi, na sijui kama bado analitumia. Kama ndiye wewe unasoma hapa, daftari lako la Uraia lipo, kurasa zote. Njoo ulichukue, au niambie uko wapi nilete.

Wadau, kwa leo naishia hapa. Mwenye hoja tofauti ailete, tubishane kwa ustaarabu. Ila kabla hujasema watimuliwe, tafuta kwanza karatasi inayoonyesha kuwa babu yako alizaliwa hapo ulipo.